Kutoka Nairobi hadi Barsemoi: safari ya kuyaona maziwa matano yaliyogeuka mwamba

Simulizi hii nimeiandika nyumbani, kutokana na daftari langu na picha za simu, baada ya safari niliyoifanya mwezi wa Februari pamoja na mpwa wangu anayesomea jiografia chuoni. Tulikwenda kutazama matabaka matano meupe yaliyo katika vilima vya chini vya Tugen, magharibi mwa Ziwa Baringo. Hayo ni mabaki ya ziwa lililojaa na kutoweka mara tano kati ya miaka milioni 2.7 na milioni 2.55 iliyopita, na kilicholijaza na kulikausha kwa zamu ni namna dunia inavyoyumba katika mwendo wake wa kulizunguka jua. Wapo wanaosafiri hadi pwani za Italia na Uhispania kutazama miamba yenye alama za namna hii, ilhali hii yetu hufikiwa kwa matatu na pikipiki.

Alhamisi: Nairobi hadi Kariandusi

Tulipanda matatu ya Gilgil pale Nyamakima saa kumi na mbili unusu asubuhi, kwa nauli ya shilingi 500 kila mmoja. Ukungu wa Limuru ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliendesha huku kichwa kikiwa dirishani, na tulipofika karibu na Kinungi tukakuta lori limekwama katikati ya barabara na msururu wa magari usioonekana mwisho. Tulikaa hapo zaidi ya saa moja. Mama mmoja aliyekuwa akienda Naivasha kumwona binti yake aliyejifungua alifungua kikapu akatugawia viazi vitamu vya kuchemsha, akakataa katakata kupokea chochote, akisema kwamba njaa ya barabarani haina mwenyewe.

Kariandusi iko kando ya barabara kuu, mbele kidogo ya Gilgil, upande wa Ziwa Elmenteita. Wengi huijua kwa sababu ya mashoka ya mawe ambayo mwanaakiolojia Louis Leakey aliyachimbua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa kweli mashoka hayo, mengine ya kioo cheusi cha volkano, bado yamelala pale chini ya paa la mabati kama yalivyokutwa. Sisi, hata hivyo, tulimwomba mwelekezi atupeleke kwanza kwenye ukuta mweupe wa machimbo ya daiatomaiti, naye alifurahi, kwa kuwa wageni wengi hupita hapo bila kuuliza lolote.

Daiatomaiti si chokaa, ingawa huonekana hivyo. Ni maganda ya daiatomu, viumbe vya majini vya seli moja vinavyojijengea ganda la silika, yaani kitu kile kile kinachotengenezewa kioo. Ziwa linapokuwa na kina kirefu na maji matamu yasiyo na tope, daiatomu huzaliana kwa wingi usiohesabika, hufa, na maganda yake huzama polepole hadi sakafuni. Ziwa likipungua, mito huleta mchanga na udongo hadi pale palipokuwa kilindini, na weupe hufunikwa na rangi ya kahawia. Mwelekezi alitupa bonge moja tulishike. Lilikuwa jepesi kuliko macho yalivyotarajia, na lilipogusa ulimi wa mpwa wangu liling'ang'ania hapo hapo, kwa kuwa maganda hayo yana matundu yanayofyonza unyevu. Kwa sababu hiyo hiyo daiatomaiti huchimbwa na kuuzwa kwa ajili ya kuchujia vinywaji na kutengenezea rangi. Ukuta huu wa Kariandusi una umri wa takriban miaka milioni moja. Niliuandika umri huo daftarini na kuupigia mstari, kwa sababu ungehitajika baadaye.

Kwa atakayekwenda: malipo ya kuingia makumbusho na maeneo ya kale hulipwa kwa simu, kwa hiyo uwe na pesa kwenye simu na betri iliyojaa. Vaa miwani ya jua, kwa maana ukuta mweupe wakati wa adhuhuri huumiza macho. Chakula hakiuzwi pale. Tulikula Gilgil, wali na maharagwe kwa shilingi 150, kisha tukaenda kulala Nakuru.

Ijumaa: Nakuru hadi Kampi ya Samaki

Matatu ya Marigat ilijaa baada ya muda mrefu wa kusubiri, nauli ikiwa shilingi 400. Barabara ni ya lami na ni nzuri. Baada ya mashamba ya mkonge ya Mogotio kuna bango la ikweta, na dereva, aliyekuwa na haja ya kupoza injini, alisimama hapo kwa hiari yake, jambo lililonipa nafasi ya kumweleza mpwa wangu yale ambayo kitabu chake kilikuwa kimeyapita kwa aya moja.

Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, bali ni duaradufu, na kwa hiyo kuna wakati wa mwaka ambapo dunia huwa karibu na jua na wakati ambapo huwa mbali. Siku hizi ukaribu huo hutokea mwanzoni mwa Januari, na tofauti kati ya karibu na mbali ni takriban kilomita milioni 5, ambayo inatosha kubadili nguvu ya mwanga wa jua kwa kiasi cha asilimia 7. Lakini tarehe ya ukaribu haikai mahali pamoja. Mhimili wa dunia huyumba polepole, kama pia ya watoto inayokaribia kusimama, na njia yenyewe nayo hugeuka, hivyo kwamba tarehe hiyo huzunguka miezi yote ya mwaka katika muda wa takriban miaka 19,000 hadi 23,000. Miaka ipatayo 11,000 iliyopita dunia ilikuwa karibu na jua katikati ya mwaka, wakati ambapo kaskazini ni kiangazi. Nchi kavu ya Afrika ilipata joto zaidi, ikavuta upepo wenye unyevu kutoka baharini, na mvua zikaongezeka mno. Sahara ilikuwa na maziwa na malisho. Nakuru na Elmenteita, tuliyoyaacha nyuma asubuhi hiyo yakiwa mawili, yalikuwa ziwa moja lenye kina cha karibu mita 180.

Kuna mizunguko mingine miwili. Mwinamo wa mhimili hubadilika kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 katika muda wa miaka 41,000, na umbo la njia yenyewe hukaribia duara kisha huwa duaradufu zaidi katika vipindi vya takriban miaka 100,000 na 405,000. Aliyeifanyia hesabu hii kazi ya maisha yake ni Milutin Milankovitch, Mserbia aliyeishi kati ya 1879 na 1958, ambaye sehemu ya hesabu hizo aliifanya Budapest alikokuwa ameshikiliwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi hawakumwamini hadi 1976, pale wanasayansi Hays, Imbrie na Shackleton walipoonyesha kwamba mashapo ya sakafu ya bahari yana mizunguko hiyo hiyo. Abiria mmoja aliyekuwa akisikiliza aliuliza kwa heshima, "Mwalimu, kwa hiyo sisi wa hapa katikati tunaguswa na upi zaidi?" Nilimjibu kwamba sisi wa ikweta mwinamo hautugusi sana, ile tarehe inayohama ndiyo inayoamua mvua zetu.

Kabla ya Marigat kuna akina mama wanaouza asali kando ya barabara, na asali ya Baringo haina haja ya kusifiwa nami. Chupa ya nusu lita ilikuwa shilingi 400. Hapo joto huanza kusema kweli, na pande zote mbili za barabara zimefunikwa na mathenge, mti wa miiba ulioletwa kwa nia njema na ambao sasa umemeza malisho.

Kampi ya Samaki ilitushtua. Ziwa Baringo limepanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na majengo mengi ya ufukweni yamesimama majini, mengine yakiwa yamebaki mapaa tu, huku boti zikipita palipokuwa na vitanda vya wageni. Mvuvi aliyetukaangia ngege (sahani pamoja na ugali, shilingi 350) alitaka kujua kama hilo ndilo lile ziwa la zamani linalorudi. Ni swali zuri, na watu wengi wanaliuliza. Jibu ni kwamba mzunguko wa miaka 23,000 hauwezi kupandisha maji kwa mita kadhaa ndani ya miaka kumi; kinachoonekana leo kinafuata miaka ya mvua nyingi kupita kawaida, pamoja na udongo unaosombwa kutoka milimani. "Basi, mzee wangu," akasema akinipa chumvi, "hilo la miaka elfu ishirini nitawaachia wajukuu."

Tahadhari: viboko hutoka majini usiku na kutembea kati ya nyumba, na mamba wapo. Ulizia chumba kilicho juu ya barabara, na usitembee ufukweni baada ya jua kutua.

Jumamosi: Barsemoi

Tulikuwa tumepatana na vijana wawili wa bodaboda kwa shilingi 1,800 kila pikipiki kwa siku nzima, petroli ikiwa ndani ya bei. Mmoja wao ni Mtugen wa huko huko na ndiye aliyetupeleka kwanza kwa mzee wa mtaa kujitambulisha, jambo ambalo halikwepeki: ni ardhi ya watu, na zipo sehemu za kaunti zenye historia ya wizi wa mifugo ambako hali ya usalama hubadilika. Mzee alitusalimu, "Chamgei," nasi tukaitikia, "Mising," akacheka matamshi yetu kisha akamwita mjukuu wake atufuate.

Njia ni ya mawe na mchanga hadi kwenye laga ya Barsemoi, kaskazini-magharibi mwa Marigat, ambayo wakati wa kiangazi ni kitanda cha mchanga mkavu. Tuliacha pikipiki chini ya mgunga na kupanda laga kwa miguu. Kwa muda mrefu kingo zilikuwa za kahawia tu, udongo wa mfinyanzi na kokoto zilizoletwa na mito ya kale. Kisha, kwenye kona, ukatokea mstari mweupe ulioinama kuelekea magharibi, kwa kuwa vilima vyote vya Tugen ni bonge la ardhi lililoinuliwa upande mmoja na kulalia upande wa pili. Juu yake kahawia tena. Kisha mweupe wa pili. Kwa sababu matabaka yameinama, anayetembea kandokando ya laga huyavuka moja baada ya jingine bila kupanda mlima, akipita miaka elfu kadhaa kwa kila hatua chache, na mpwa wangu aliyekuwa mbele alikuwa akiyahesabu kwa sauti.

Nilikaa muda mrefu kwenye mpaka wa chini wa tabaka mojawapo. Mpaka huo ni mkali zaidi kuliko nilivyodhani: vidole viwili chini ni mchanga wenye vipande vya mifupa ya samaki, vidole viwili juu ni unga mtupu mweupe. Ziwa halikuja kwa kusitasita. Waliozichunguza daiatomu hizo wamekuta jamii za Aulacoseira na Stephanodiscus, ambazo huishi katika maji matamu yenye kina, kwa hiyo palipokuwa na viatu vyangu pamewahi kuwa kilindini. Kisha maji yakaondoka, mito ikarudi, nyasi zikaota, wanyama wakapita, na baada ya miaka kama 23,000 tangu kuanza kwa ziwa la kwanza likaanza la pili.

Miaka hiyo imejulikanaje? Hili ndilo lililonipeleka kule, kwa maana kuona mistari ni rahisi lakini kuipa tarehe ni kazi. Kati ya matabaka hayo kuna majivu ya volkano, na kijana wetu aliyaonyesha kabla sijauliza: mstari wa kijivu wenye chembe zinazometa. Chembe hizo ni fuwele zenye potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi isiyobadilika. Ukipima agoni iliyonaswa ndani ya fuwele, umepata umri tangu volkano ilipolipuka. Watafiti Alan Deino, John Kingston, Andrew Hill na wenzao walichapisha vipimo hivyo mwaka 2006, wakakuta kwamba maziwa hayo matano yalifuatana kwa hatua zinazolingana na kuyumba kwa mhimili. Walikuwa na shahidi wa pili pia. Ndani ya matabaka hayo hayo kuna mahali ambapo chembe za chuma zinabadili mwelekeo, kwa sababu ncha za sumaku za dunia ziligeuka. Badiliko hilo limeandikwa katika miamba ya ulimwengu mzima, na hapa Barsemoi lilipewa umri wa miaka milioni 2.589. Majivu na sumaku vinakubaliana, na mimi huamini zaidi jambo linaloshuhudiwa na wasiojuana.

Saa sita joto lilitushinda. Tulijibanza kwenye kivuli cha ukingo, na hapo akatokea mzee akichunga mbuzi, ambaye alitutazama kwa muda tulivyokuwa tukipiga picha udongo, akauliza, "Wanangu, hiyo nyeupe ina dhahabu?" Mpwa wangu alimweleza habari za ziwa, na mzee akasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema kwamba babu yake alikuwa akiipaka usoni wakati wa sherehe na kwamba samaki wa mawe wamejaa kule juu, sisi tulikuwa tumewapita. Akatushika mkono na kuturudisha hatua mia mbili hivi. Kweli walikuwepo, wembamba, magamba yakionekana. Kabla ya kuondoka alitumiminia mursik, yaani maziwa yaliyoganda, kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe, ilhali kwake ni safari ya nusu siku hadi nyumbani.

Samaki hao tuliwaacha pale pale. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuokota visukuku bila kibali, na hata bila sheria, kisukuku kilichotolewa kwenye tabaka lake kimepoteza tarehe yake. Piga picha, weka kalamu kando ya kitu ili ukubwa uonekane, uende zako.

Mchana, kabla ya kurudi, kijana wa bodaboda alituonyesha mahali palipochimbwa kisima kirefu mwaka 2013. Hakuna cha kuonekana sasa. Pale mradi wa kimataifa ulitoa nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 228, inayoanzia miaka takriban milioni 3.3 iliyopita hadi milioni 2.56, ili matabaka yasomwe bila kuharibiwa na jua na mizizi. Nguzo hiyo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mjukuu wa mzee wa mtaa aliuliza kwa nini jiwe lao liende mbali hivyo, nami nakiri swali lake ni la haki, ijapokuwa maghala ya baridi ya kuhifadhia vitu vya namna hiyo si kila nchi inayo.

Atakayekwenda Barsemoi abebe maji yasiyopungua lita nne kwa mtu, aanze kutembea kabla ya saa moja asubuhi, na asiingie laga iwapo kuna wingu milimani, kwa maana maji hushuka ghafla hata pasiponyesha ulipo. Mwanga mzuri wa picha ni wa asubuhi. Kuanzia saa nne weupe unakuwa mmoja na mistari hupotea. Kwa mwelekezi na mzee wa mtaa tulitenga shilingi 1,500.

Jumapili: Marigat

Tulipumzika, tukafua nguo, tukala tikiti maji.

Jumatatu: Kabarnet na kurudi

Probox ya Kabarnet hupanda kona kali kutoka joto la Marigat hadi mji wenye baridi ya mita 2,000 hivi juu ya bahari, kwa shilingi 200, abiria wakiwa wengi kuliko viti. Kuna makumbusho madogo katika nyumba iliyokuwa ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni, na kutoka ukingo wa mashariki wa mji huo vilima vyote vya chini huonekana hadi ziwani. Mwaka 1893 John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza, alipita katika nchi hii akafahamu kwamba bonde hili ni ardhi iliyozama kati ya mipasuko miwili.

Pale juu mpwa wangu aliuliza swali nililokuwa nikilingojea tangu Kariandusi: "Mjomba, kama mhimili huyumba siku zote, mbona mistari ni mitano tu? Mbona hailijazi bonde lote?" Jibu liko katika ule mzunguko wa umbo la njia. Njia ya dunia inapokaribia duara kamili, hakuna karibu wala mbali, na tarehe inayohama haina cha kuhamisha. Mhimili huyumba bila mvua kutambua. Njia inapokuwa duaradufu zaidi, kila myumbo hupiga kwa nguvu, na maziwa huja na kwenda. Ndiyo maana maziwa makubwa ya Bonde la Ufa hayakusambaa sawasawa katika wakati, bali yamekusanyika katika vipindi vitatu ambavyo mtafiti Martin Trauth na wenzake walivitaja mwaka 2005: miaka milioni 2.7 hadi 2.5 iliyopita, milioni 1.9 hadi 1.7, na milioni 1.1 hadi 0.9, vyote vikiangukia wakati njia ilipokuwa imerefuka katika ule mzunguko wa miaka 400,000 na ushei. Barsemoi ni ya kipindi cha kwanza. Ziwa la Olduvai, kule Tanzania, lilikuwapo katika cha pili. Nilimfungulia daftari ukurasa wa Alhamisi, penye umri niliopigia mstari, naye akaona mwenyewe kwamba ukuta mweupe wa Gilgil ni wa kipindi cha tatu.

Matatu ya Nakuru kupitia Eldama Ravine iliondoka saa nane, ikachelewa Ravine kwa sababu ya gurudumu lililopasuka, na tukafika Nairobi saa nne usiku. Kwa jumla safari ilitugharimu shilingi 19,400 kwa watu wawili, malazi yakiwa vyumba vya shilingi 1,200 hadi 1,500. Anayetaka kupunguza gharama alale Marigat, ambako pia ni karibu zaidi na laga, badala ya Kampi ya Samaki, na apande pikipiki moja na mwenzake iwapo uzito wao unaruhusu.